Kuku Hurudi Jioni

Jumamosi iliyopita nilinunua tetea mwekundu katika soko la Kadutu. Nilimpuliza manyoya ya kifuani nione ngozi, nikapapasa mfupa wa kidari nijue kama ana nyama, nikamtazama macho, kisha nikamgeuza nihakikishe nyuma ni pakavu. Mama aliyekuwa akimuuza alinyamaza mpaka nilipomaliza.

"Mama, weye nani alikufundishaka mambo ya kuku?"

"Mama yangu. Aliuzishaka hapa hapa."

Akacheka, akanipunguzia bei, akamfunga tetea miguu kwa ugwe wa mgomba. Nikampakata ndani ya taksi mpaka Panzi ninakoishi.

Nyumbani nilimfungua miguu, nikamfunga mmoja tu kwa kamba ndefu kwenye benchi la jikoni. Ndivyo mama yangu alivyomfanyia kila kuku mpya. Siku ya kwanza kuku hali, anahangaika tu. Siku ya pili anakula na kunywa. Siku ya tatu anaanza kuangalia wenzake wanaingia wapi kulala. Siku ya nne asubuhi unamfungua, unamwacha aende anakotaka, na jioni unasubiri. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na watu huitumia methali hiyo kumsemea mtu aliyehamia mahali asipopazoea. Mimi nimekua nikiiona kamba yenyewe, na tangu utotoni najua kwamba kazi yake ni ya siku tatu. Baada ya hapo kuku hurudi bila kufungwa.

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Bukavu. Siku moja, tulipokuwa tukizungumzia wanyama wa kufugwa, mwanafunzi wa mstari wa nyuma aliuliza: "Mwalimu, kuku wa kwanza kabisa alifungwa na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Nililitafuta, na nilichokipata kilinifanya nimwangalie upya ndege niliyelelewa naye.

Ndege wa msituni

Babu wa kuku wote wa dunia bado yuko hai katika misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Wanasayansi humwita Gallus gallus. Jogoo wake ana manyoya ya dhahabu yanayoteremka kutoka shingoni, mkia mweusi unaong'aa kijani, na upanga mwekundu kichwani. Mtu wa Walungu, kwa nyanya yangu, akimwona atadhani ni jogoo wa jirani aliyekonda. Jike ni mdogo, wa kahawia, na akitulia juu ya majani makavu humwoni. Hutaga mayai machache, kama matano au sita, akaatamia, akalea. Mchana kutwa huchakura chini. Jua likitua huruka juu ya tawi na kulala huko, mbali na meno ya wanyama.

Charles Darwin aliandika mwaka 1868 kwamba huyu ndiye asili ya kuku wetu. Mwaka 2020 watafiti waliosoma vinasaba vya ndege 863, wa nyumbani na wa mwituni, walipabainisha zaidi mahali pa asili: kuku wetu wanafanana hasa na ndege wa eneo la kusini-magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Njiani waliongezewa damu nyingine. Ngozi ya njano waliyonayo kuku wengi imetoka kwa kuku wa mwitu wa kijivu wa India. Tetea wangu wa Kadutu ana miguu ya njano kabisa. Ameibeba India mpaka Panzi.

Ilianza lini? Kwa muda mrefu vitabu vilisema miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita. Mwaka 2022 wataalamu wa mambo ya kale walitoa matokeo ya kuchunguza upya mifupa kutoka maeneo zaidi ya 600 katika nchi 89. Mingi iliyodhaniwa kuwa ya kale sana ilikuwa ya ndege wengine wa mwituni, au ilikuwa imezama ardhini kutoka tabaka za miaka ya karibu. Mifupa ya kale zaidi isiyo na shaka ilitoka Ban Non Wat, katikati ya Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 KK. Kwa hiyo kuku amekaa na binadamu kwa miaka 3,500 hivi. Ng'ombe, mbuzi na mbwa walitangulia mbali.

Na mifupa hiyo inaonekana pale pale watu walipoanza kulima mpunga na mtama katika mashamba makavu. Msitu ulifyekwa, nafaka ikaanguka chini, ikawekwa ghalani, na ndege wa msituni akaifuata. Yule mwoga alirudi vichakani. Asiye mwoga sana alibaki karibu, akala, akataga karibu, na vifaranga wake wakakua wakisikia sauti za watu. Kizazi baada ya kizazi hofu ilipungua, na jike aliyekuwa akitaga kwa msimu akaanza kutaga mwaka mzima.

Basi jibu la mwanafunzi wangu ni hili: kuku wa kwanza hakufungwa na mtu. Aliitwa na nafaka. Mama yangu hakuwahi kusoma kuhusu Ban Non Wat, lakini kila siku saa kumi na moja jioni alisimama mlangoni na konzi ya mahindi, akayamwaga mahali pale pale. Alikuwa akirudia kazi ya wale wakulima wa mpunga.

Heshima kabla ya chungu

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba katika nchi nyingi kuku alipofika mara ya kwanza, watu hawakumla. Katika nchi za Bahari ya Kati barani Ulaya alifika karibu mwaka 800 KK, na mifupa mingi ya mwanzo imekutwa ikiwa mizima, bila alama ya kisu, ya kuku waliokufa wakiwa wazee na kuzikwa peke yao. Wengine walizikwa na watu. Julius Caesar aliandika kwamba Waingereza wa zama zake waliona ni mwiko kumla kuku, ingawa walimfuga. Dalili za mapema za mji uliokula kuku kwa wingi zimepatikana Maresha, katika Israel ya leo, kati ya karne ya 4 na ya 2 KK.

Ndege huyo mgeni mwenye rangi za moto alikuwa pia na kipawa ambacho hakuna mnyama mwingine wa uani aliyekuwa nacho: aliijua alfajiri kabla haijaonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba hata ukimweka jogoo mahali penye mwanga hafifu usiobadilika, ataendelea kuwika karibu na saa ya mapambazuko, kwa sababu saa hiyo imo ndani ya mwili wake. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba mkubwa wa kundi ndiye huanza, na wengine humfuata kwa cheo.

Sisi hatukuwa na saa ya ukutani. Jogoo wa kwanza aliwika na mama akaamka, akawasha makala, akachemsha chai. Jogoo wa pili alimkuta akifunga kitunga. Siku za soko la Mugogo alikuwa barabarani kabla hatujaona uso wake, aende akanunue kuku kwa watu wa Walungu na kuwaleta Kadutu. Nilipojua kwamba Wazungu wa kale walimzika kuku kwa heshima, sikushangaa. Na kwetu pia aliongoza nyumba.

Njia ya kuja kwetu

Afrika haina kuku wa mwituni. Tulikuwa na kanga, tulikuwa na kwale, na sisi wa Kongo tuna ndugu mwingine wa kuku asiyepatikana popote pengine duniani: tausi wa Kongo. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya usiojulikana katika kofia ya mwenyeji wa msitu wa Ituri. Aliutunza unyoya huo zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, juu ya kabati, wenye unyoya ule ule. Wenyeji wa msitu walikuwa wakimjua siku zote. Ni dunia ya wataalamu iliyochelewa. Lakini tausi huyo alibaki msituni. Hakushuka uani mwetu.

Kuku alikuja kwa mikono ya watu. Misri ilimchora jogoo kwenye kigae katika Bonde la Wafalme zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ingawa kwa karne nyingi aliendelea kuwa ndege wa nadra huko. Mezber, katika jimbo la Tigray kaskazini mwa Ethiopia, imetoa mifupa ya kuku ya kati ya mwaka 800 na 400 KK. Katika pwani ya Waswahili, wachimbaji wa Unguja Ukuu kisiwani Zanzibar wamekuta mifupa yake pamoja na mabaki ya biashara ya Bahari ya Hindi kuanzia karne ya 7 na ya 8. Majahazi yaliyoleta shanga na vyungu vya mbali yalileta na jogoo.

Kutoka huko aliingia bara, kijiji kwa kijiji. Sikiliza majina. Mswahili anasema kuku. Sisi Bashi tunasema engoko. Ng'ambo ya Ruzizi, Mnyarwanda anasema inkoko, Muganda, enkoko. Ni neno moja lenye sauti ya ndege mwenyewe, limetembea naye kutoka ua hadi ua. Anayezungumza Lingala anasema nsoso, na hapo unajua umeingia njia nyingine ya historia.

Aliweza kufika mbali hivyo kwa sababu ni mwepesi. Ng'ombe huswagwa, mbuzi huvutwa, lakini kuku hubebwa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anaweza kubeba kuku sita. Ile kamba ya mguuni ni kamba ya safari, na kila kuku unayemwona Bukavu ametokana na kuku aliyewahi kubebwa na mtu aliyetaka kuanza upya mahali.

Nani alikula firigisi

Kuku amekula kiapo nasi katika mambo mazito. Wazande wa kaskazini-mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini walimuuliza ukweli: kifaranga alinyweshwa sumu iitwayo benge huku swali likitajwa, na kufa au kupona kwake kukawa jibu. Mwingereza Evans-Pritchard alieleza desturi hiyo kwa kina katika kitabu cha mwaka 1937. Kenya, chama cha KANU kilimfanya jogoo alama yake, kikatawala chini ya jogoo huyo kuanzia uhuru wa 1963 hadi 2002.

Lakini uzito wa kuku ulipimwa zaidi kwenye sahani. Katika Buganda ya zamani wanawake walikatazwa nyama ya kuku na mayai. Nyanya yangu wa Walungu aliishi hivyo hivyo. Alifuga kuku maisha yake yote, aliwajua mmoja mmoja, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakuonja kuku wala yai. Nilipomuuliza sababu, alisema: "Kuku ni wa kutoa." Alimtoa kwa mgeni, kwa mkwe, kwa mgonjwa aliyerudi kutoka hospitalini. Firigisi ilikuwa ya mwanaume mwenye nyumba au ya mgeni mkubwa, na mtoto aliyeidokoa jikoni alijua kilichomngoja.

Nampenda nyanya yangu, na ukarimu wake ndio uliotulea. Hata hivyo mwiko ule uliwaumiza wanawake na watoto, na jambo hilo nalisema wazi darasani. Kwetu Bushi tunaujua ugonjwa wa bwaki, unaomvimbisha mtoto miguu na kumbadilisha nywele rangi kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Ilikuwaje mama mjamzito akusanye mayai kumi kila mzunguko na asile hata moja?

Mama yangu aliuvunja mwiko huo kimya kimya. Alipokuwa na mimba ya mdogo wangu alichemsha yai, akalimenya mbele ya nyanya, akalila. Nyanya alitazama pembeni. Na mwaka niliopata diploma ya serikali, mama alichinja jogoo, akapika bugali na sombe, akaniwekea mimi firigisi. Nyumba nzima ilinyamaza. Baba alitazama sahani yangu, kisha akasema, "Kula, mwanangu." Nimepewa vyeti vingine tangu siku hiyo, lakini hicho ndicho ninachokikumbuka kwa ulimi.

Kuku wa juu ya mti

Mwishoni mwa Oktoba 1996 nilikuwa na miaka kumi. Vita vilipoingia Bukavu tulitoka Kadutu na mkeka, sufuria moja na mtoto mgongoni, tukatembea kwenda kwa nyanya. Mama aliacha kuku 14. Kabla ya kuondoka aliufungua mlango wa banda, akasema akiwafungia watakufa kwa kiu.

Tuliporudi baada ya majuma kadhaa, nyumba ilikuwa haina mlango wala chombo. Banda lilikuwa tupu, manyoya yametapakaa. Kuku walikuwa wameendelea kurudi humo kila jioni kama tulivyowazoesha, na humo ndimo walimokamatwa. Tuliwasha moto kati ya mawe matatu, tukaketi bila kusema.

Giza lilipoanza kuingia, kuku mmoja mwenye madoadoa alitokea nyuma ya choo. Alipita katikati yetu kana kwamba hatukuwahi kuondoka, akaruka kwenye tawi la mti wa avoka, akapanda tawi la pili, la tatu, akajikunja. Mama alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

Miaka mingi baadaye, niliposoma jinsi ndege wa mwitu wa Asia anavyolala, nilimwelewa kuku yule. Banda lilipokuwa halimlindi tena, alirudia kitu cha zamani kuliko banda. Lakini hakuenda msituni. Mti aliouchagua ulikuwa wa kwetu. Kutokana na yeye na jogoo wa jirani tulipata vifaranga 11, na wakubwa waliuzwa kulipa minervali, yaani karo yangu ya shule.

Benki yenye mabawa

Leo duniani kuna kuku zaidi ya bilioni 20 walio hai, wengi zaidi kuliko ndege mwingine yeyote. Kuku wa mayai wa kisasa hutaga mayai 300 au zaidi kwa mwaka. Wa kienyeji kwetu hutaga 40 hadi 60. Kuku wa barafu kutoka Brazil wanauzwa katika miji ya Kongo. Wapo wanaosema kuku wa kienyeji amepitwa na wakati.

Wanaosema hivyo hawajamtazama mwanamke wa Bukavu mwenye kuku watano. Hanunui chakula cha dukani, kuku wanachakura. Haangui mayai kwa umeme usiotabirika. Kuku mwenyewe anaatamia siku 21. Mtoto akifukuzwa shule kwa minervali Jumatatu, Jumanne jogoo anakwenda Kadutu. Mnamo Februari 2025, vita vilipoingia tena mjini na mabenki yakafunga milango, walioweka akiba yao bandani waliweza kuigusa kwa mkono.

Adui wa akiba hiyo ni ugonjwa ambao Tanzania wanauita mdondo, au kideri. Ulitambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Kuku anazubaa, anahema kwa shida, anahara kijani, anapinda shingo, na ndani ya juma moja karibu kundi zima limekufa. Hauna dawa ya kutibu. Una kinga: chanjo, na ile iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini na kutumika Tanzania, Malawi na Msumbiji, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi nyingine. Ni tone moja katika jicho la kila kuku, likirudiwa kila baada ya miezi minne, wakiwa bado wazima. Mahali ambapo chanjo hiyo haipatikani, daktari wa mifugo ataeleza ipi ipo. Kuku mgonjwa asiuzwe sokoni wala asitupwe mtoni, azikwe. Na yule mgeni wa Kadutu akae mbali na wenzake kwanza: kamba ya mama yangu, nimekuja kuelewa, ilikuwa pia karantini, ingawa fupi.

Waliomzika kuku bila kumla na nyanya yangu aliyemtoa bila kumwonja walijua kwamba huyu ni zaidi ya nyama. Mwanamke anayekula yai lake na kumwekea kuku wake tone la chanjo jichoni anaishika heshima ile ile kwa njia inayomlisha na yeye.

Jumanne asubuhi nilimfungua tetea mwekundu. Alisimama kidogo, akanyoosha mguu uliokuwa na kamba, akatokomea chini ya ua wa jirani. Saa kumi na moja jioni nilimwaga mahindi mahali pangu pa siku zote. Wengine walikuja, wakala, wakaingia bandani. Yeye hakuonekana. Mvua ilianza kunyunya. Kisha nikamwona akipita kando ya ukuta, mbio mbio, kichwa chini. Alidonoa punje zilizobaki, akalitazama banda, akageuka, akaruka juu ya mti wa avoka.

Nikachukua kigoda nimfuate. Mama yangu, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua majani ya sombe, aliinua macho.

"Muache alale huko," akasema. "Si amerudi?"